Chumvi Ikijifanya Chuma

Saa nane za usiku, Changamwe, zamu ya tatu.
Achari ya ndimu imetoka sufuriani sasa hivi,
ina moto bado, kopo limetoka jasho kwa ndani,
na mashine inalia.
Imelia kopo la kwanza, imelia la nne,
la tano, la sita,
na kila likiliwa, mkono wa hewa unalisukuma
ndani ya kisanduku chekundu chenye kufuli.

Tulifungua makopo kumi na moja juu ya sinia.
Tukachambua kwa vidole, ndimu kwa ndimu,
hata mbegu tukazifinya.
Hamna kitu.
Chumvi tu, iliyotuingia kwenye michubuko.

"Ishusheni makali," akasema Tsuma, msimamizi,
"kidogo tu. Kontena halingoji ndimu zinyamaze."
Na mimi, Nyevu wa Chengo, nakiri,
kidole changu kilikuwa kitufeni tayari.
Masikio yalishaanza kukizoea kile king'ora
kama jirani agombanaye na mumewe kila usiku:
unageukia ukutani, unalala.

Akaja fundi Mbwarali,
kijana wa miaka ishirini na sita, jino lamuuma,
shavu limefura upande mmoja, maneno yatoka kwa taabu.
"Chumvi na maji," akasema, "tena vya moto,
huiita mashine hii kwa sauti ya chuma.
Jana mliifunza kwa achari iliyolala, imepoa.
Leo mwaileta yachemka. Itaijuaje?"

Akachukua makopo tuliyokwisha kuyachambua,
akayajaza upya, ya moto vile vile,
akayapitisha moja moja, polepole,
kama mwali anavyotambulishwa kwa mawifi:
huyu ni fulani, huyu ni fulani,
usishtuke ukimwona.
Lilipofika la kumi na mbili, mashine ikanyamaza.

Ikanyamaza dakika sita.
Kisha ikalia mkanda ukiwa mtupu.

Tsuma akacheka, cheko la mtu aliyechoka kukasirika.
Mbwarali akaweka dole gumba kwenye mguu wa mashine,
akafumba macho kama mpimaji wa homa.
"Yatetemeka." Nati mbili zilikuwa zimelegea.
Akazikaza.
Ikalia tena.
Akatazama huku na huku,
akanyosha mkono bila neno
mbele ya mfuko wa koti la msimamizi,
na simu ikatoka humo, inawaka,
ina ujumbe kumi na tisa wa kontena.

Hapo ndipo alipotoa vile vipande vitatu vya majaribio,
kila kimoja punje tu, kimezama ndani ya plastiki:
cha chuma, cha shaba,
na kile cha chuma kisichoshika kutu, mjanja wao.
Akavipitisha katikati kabisa ya tundu,
pale masikio ya mashine yalipo mazito zaidi.
Vyote vitatu vikadakwa.
Makali hatukuyashusha hata nukta.

Tukafunga makopo mia tatu kwa utulivu.
Nikasikia, kwa mara ya kwanza usiku ule,
feni, na matone ya bomba,
na Kadzo akihesabu lebo chini ya pumzi.

La mia tatu na nane likalia.
Mara moja. Fupi.
Nikasema moyoni: ndimu hizo.
Nikalirudisha. Likalia pale pale.
Nikalimwaga juu ya sinia, nikatandaza mchuzi kwa kijiko,
na chini ya ganda moja la ndimu ukalala uzi wa waya,
mfupi kama ukope.

Waya wa brashi.
Saa nne, kabla ya zamu kuanza,
sufuria ile niliisugua mimi.
Niliisugua kwa nguvu, nikasifiwa.

Nikaubandika kwa utepe kwenye daftari.
Saa kumi na dakika tano. Kopo la mia tatu na nane.
Safu ya "chanzo" ilikuwa nyembamba;
jina langu halikuenea,
likamalizikia ukingoni.

Mbwarali akasoma, akashika shavu,
akaenda kuitupa brashi.